Nembo nimelipia, mbona dizaina anasema ni yake?

"Wakili, nina biashara ndogo ya siagi ya njugu hapa Kisumu. Mwaka jana nilimpa kijana mmoja wa Kondele kazi ya kunichorea nembo na lebo ya chupa: mwanamke anayepepeta njugu kwa ungo. Tulikubaliana shilingi 18,000. Nikalipa 12,000 kwa M-Pesa, zilizobaki nikazishika kwa sababu alichelewa wiki tatu. Hatukuandikiana chochote isipokuwa WhatsApp. Alinitumia PNG. Sasa mpiga chapa wa Nakuru anasema PNG haitoshi, anataka faili ya vekta, na kijana anadai 15,000 zaidi ndipo aitoe. Halafu wiki iliyopita nimemwona mwanamke yuleyule kwenye pakiti ya unga wa wimbi sokoni Luanda. Nimesoma mtandaoni kwamba bila karatasi ya kuhamisha haki, nembo ni ya dizaina milele. Je, ni kweli sina changu? Picha ya wavuvi wa Dunga iliyo nyuma ya lebo nilimpa mimi mwenyewe, niliitoa Facebook. Nifanye nini?"

Dada, nimeusoma ujumbe wako mara mbili, mara ya pili nikiwa na kalamu mkononi, kwa sababu ndani ya swali moja umeweka maswali manne. Unaogopa kwamba pesa zako zilinunua picha ya kutazama tu. Unaogopa kwamba kijana ameikaba biashara yako kwa kuizuia faili. Unaogopa kwamba amemuuzia mtu mwingine sura ya bidhaa yako. La nne umelitaja kwa kupita tu, lakini ndilo linaloweza kukuletea barua ya wakili kabla ya hayo mengine yote, nalo ni picha ya wavuvi. Nitalifikia.

Kabla ya kusomea sheria nilikaa miaka minne mbele ya kompyuta ya duka la uchapishaji Nakuru, nikipanga kadi za harusi, vitabu vya risiti na lebo za maziwa. Kijana wako namwelewa, na wewe nakuelewa, kwa hiyo nitawaambia ukweli nyote wawili.

Nianze na ulichosoma mtandaoni. Si uongo, ila ni sheria ya kwa wenyewe. Uingereza, chini ya sheria yao ya mwaka 1988, mtu uliyempa kazi bila kumwajiri hubaki na hakimiliki mpaka atie sahihi ya kukuhamishia. Marekani, kwa sheria ya mwaka 1976, kazi ya kuagizwa huwa ya mwagizaji pale tu inapoangukia katika orodha fupi iliyotajwa na sheria yenyewe na pande zote mbili zikatia sahihi, na nembo kwa kawaida haimo katika orodha hiyo. Ushauri mwingi unaosambaa umeandikwa na watu wa huko kwa ajili ya watu wa huko. Mfanyabiashara wa soko la Kibuye, Kisumu, anausoma usiku kwenye simu, kesho yake anaamka akiamini ameporwa.

Sisi Kenya tuna Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001, na kifungu chake cha 31 kimefuata njia nyingine. Kinaanza kwa kusema hakimiliki huwa ya aliyebuni kazi. Kisha kinaweka sharti: kazi ikiwa imeagizwa na mtu ambaye si mwajiri wa mbunifu, hakimiliki itahesabiwa kuwa imehamia kwa aliyeagiza, isipokuwa kama wawili hao walikubaliana kuuzuia au kuupunguza uhamisho huo. Wewe uliagiza, kijana akachora. Kwa hiyo, kwa kuanzia, hakimiliki ya mchoro ule na ya lebo ile ni yako. Hukuhitaji muhuri wala kwenda kuapa mbele ya mtu. Hata kusajili si lazima, kwa kuwa haki yenyewe huzaliwa kazi inapotiwa kwenye karatasi au kwenye kompyuta.

Sasa usikimbilie Kondele na kifungu hicho mkononi. Kuna mambo mawili yanayoweza kukigeuza.

La kwanza ni yale maneno "isipokuwa kama walikubaliana". Makubaliano hayahitaji kuwa na kichwa kinachosema MKATABA. Rudi kwenye WhatsApp, panda juu mpaka siku ya kwanza. Je, alikutumia kotesheni ya PDF? Madizaina wengi huitoa, na chini kabisa huwa na mistari minne au mitano ya herufi ndogo: kwamba haki zitahamia kwako baada ya malipo ya mwisho, kwamba faili za kufanyia kazi haziuzwi, kwamba masahihisho ni mara mbili tu. Ukijibu "sawa, nakutumia dipoziti" chini ya karatasi kama hiyo, umekubali. Kama mstari huo upo, shilingi 6,000 ulizozishika ndizo zinazokutenganisha na hakimiliki yako. Kama haupo, kifungu chenyewe hakikudai uwe umemaliza kulipa ndipo haki ihamie, ila deni linabaki deni na kijana ana haki ya kukudai.

La pili ni kwamba hawezi kukuhamishia ambacho hakuwa nacho. Na hapa tunafika kwa yule mwanamke wa Luanda, jambo ambalo nadhani ndilo linalokuchoma zaidi.

Kuona mwanamke mwenye ungo kwenye pakiti ya mtu mwingine hakutoshi kusema umeibiwa. Hakimiliki hailindi wazo. Mwanamke anayepepeta ni wazo, na mama zetu wote wamepepeta. Mtu yeyote anaweza kuketi leo akamchora wake. Kinacholindwa ni mchoro wenyewe, yaani mistari ile, mkao ule, vivuli vile. Kwa hiyo nunua pakiti ile ya unga, iweke mezani kando ya chupa yako, mchana, karibu na dirisha. Usiangalie sura kwanza, kwa sababu nyuso za nembo huwa zinafanana. Angalia kidole gumba kimeshika ungo kutoka upande gani. Hesabu njugu zilizo hewani. Angalia fundo la leso limekaa bega lipi, na kama ukingo wa ungo umekatika mahali palepale. Kama njugu ni saba kwako na saba kule, na ya nne imeinama vilevile, huo ni mchoro mmoja. Na unga wa wimbi una kazi gani na njugu zinazoruka?

Ukishahakikisha ni mmoja, usidhani papo hapo kwamba kijana ameuza mara mbili. Yako mambo matatu yanayowezekana. Huenda alichora mwenyewe kisha akamuuzia mwenye unga. Hapo, kama hakuna makubaliano yanayosema vinginevyo, ameuza kitu chako, na mwenye unga naye anakitumia bila ruhusa yako hata kama hakujua. Huenda mwenye unga, au mtu wake wa lebo, ameikata nembo kutoka ukurasa wako wa Facebook. Hapo kijana hana kosa, na utakuwa umemtukana bure. Au, na hili nimekutana nalo mara nyingi kuliko hayo mawili, mwanamke yule hakuchorwa na kijana wala na mtu yeyote wa Kisumu. Alipakuliwa kutoka tovuti ya picha za kuuzwa kama Freepik au Canva, akabadilishwa rangi ya leso, akawekewa jina lako chini. Watu elfu moja wanaweza kumpakua mwanamke huyohuyo kihalali, na mwenye unga ni mmoja wao. Hakimiliki ya mchoro huo haijawahi kuwa ya kijana, kwa hiyo haikuhamia kwako. Masharti ya Canva yenyewe yanasema michoro na picha za maktaba yao haziruhusiwi katika nembo unayokusudia kuisajili kama alama ya biashara.

Namna ya kujua ni rahisi. Mkate yule mwanamke peke yake bila maandishi, mpeleke kwenye Google Lens, tazama anatokea wapi. Kisha muulize kijana swali moja bila ukali: "Huyu mama ulimchora kwa mkono, ulimtoa kwenye tovuti, au ulimtengeneza kwa akili unde?" Mwambie akutumie michoro ya mwanzo. Aliyechora mwenyewe huwa nayo: ya penseli iliyopigwa picha kwa simu, au faili za hatua za katikati zenye makosa. Asiyekuwa na hata mmoja amekujibu tayari.

Hebu sasa tulitatue la faili, maana mpiga chapa anasubiri.

Hakimiliki ni haki na faili ni kitu, na sheria niliyokutajia imezungumzia haki tu. Fikiria fundi wa nguo. Umempa kitambaa, amekupima, amekata karatasi za kipimo, amekushonea gauni. Gauni ni lako. Je, zile karatasi za kukatia ni zako? Mafundi wengi watakuambia la, na wateja wengi hawakuwahi hata kuuliza. Dizaina anaiona faili yake ya kazi hivyohivyo. Ndani yake mna matabaka, majaribio, njia zake za kupanga rangi, pengine na vipande anavyotumia kwa wateja wengine. Hapo hadai ujinga.

Lakini gauni lisilovalika si gauni. PNG imeundwa kwa vitone, pikseli, na idadi yake haiongezeki ukiivuta. Kwa uchapishaji mzuri unahitaji takriban vitone 300 kwa kila inchi. PNG yenye upana wa pikseli 1,000 itachapika safi kwa sentimita 8 na nusu hivi. Lebo inayozunguka chupa yako, tuseme ina sentimita 20, inahitaji pikseli zipatazo 2,360. Ukiilazimisha ile ndogo, kingo za ungo zitakuwa na meno kama msumeno na herufi za viungo hazitasomeka. Faili ya vekta haina vitone. Inahifadhi hesabu ya mstari unaanzia wapi na unapinda vipi, ndiyo maana unaweza kuichapa kwenye kifuniko cha chupa au kwenye ukuta wa duka ikabaki vilevile.

Wewe uliagiza lebo ya chupa. Kila mtu katika maongezi yale alijua itachapwa. Kwa maoni yangu, mtu aliyelipwa kwa lebo akatoa kitu kisichoweza kuchapwa kuwa lebo hajamaliza kazi, na kumdai akamilishe si kumwomba zawadi. Ila usidai faili yake ya kazi. Dai PDF ya vekta iliyo tayari kwa uchapishaji, rangi zikiwa za kuchapia na maandishi yakiwa yamegeuzwa kuwa michoro ili fonti isipotee, pamoja na SVG, yaani faili ndogo ya vekta, ya nembo peke yake. Hiyo ndiyo gauni, na karatasi za kukatia zinabaki kwake. Nimeona ugomvi wa miezi ukiisha kwa dakika kumi baada ya mtu kulisema hivyo, kwa sababu kijana aliogopa kutoa siri ya kazi yake na mteja hakuwa akiihitaji.

Akikataa kabisa, una njia nyingine. Kama mchoro ni wake wa asili na hakimiliki imehamia kwako, unaruhusiwa kumpa dizaina mwingine PNG hiyo aichore upya kwa vekta. Ni kazi ya saa chache na huhitaji ruhusa ya wa kwanza, maana haki ya kunakili ni yako. Linganisha gharama yake na zile 15,000 kabla hujaingia vitani.

Kitu kimoja hakihamii kwako hata ukilipa milioni. Kifungu cha 32 kinamwachia mbunifu haki ya kutambuliwa kuwa ndiye aliyebuni, na ya kupinga kazi yake kuharibiwa kwa namna inayomvunjia heshima. Kubadilisha rangi ya kifuniko hakumvunjii mtu heshima. Kusema mbele ya watu kwamba ulichora mwenyewe, hapo anaweza kulalamika, na ni haki yake.

Nikirudi kwenye shilingi 6,000, naomba uniruhusu nikuulize bila kukulaumu: maandishi ya lebo ulimpa lini? Uzito wa chupa, viungo, mahali pa tarehe ya kutengenezwa na ya kuisha, nambari ya kibali cha alama ya ubora ya KEBS, nambari ya msimbo pau, ile inayoanza na 616 ambayo mwenye biashara huichukua mwenyewe kutoka GS1 Kenya? Hayo yote ni kazi ya mteja. Dizaina hawezi kuyabuni, na akiyabuni atakuingiza matatani. Nilipokuwa Nakuru, kazi nyingi "zilizochelewa" zilikuwa zimelala kwenye meza yangu zikisubiri mteja alete gramu. Hesabu siku hizo kwenye WhatsApp kwa uaminifu. Kama wiki mbili kati ya tatu zilikuwa zako, mlipe 6,000 zake zote, tena kabla ya kuomba kitu kingine. Kama ucheleweshaji ulikuwa wake na ulikupotezea oda, sema ulipoteza kiasi gani, mkubaliane punguzo. Kuzishika kimya kimya ndiko kulikomfanya naye ashike faili kimya kimya.

Na ukipewa PDF ya mwisho, usijibu "sawa tu" ukiwa kwenye matatu. Nakumbuka mteja mmoja wa maziwa lala aliyejibu hivyo saa nne usiku. Nilichapa lebo 3,000. Alipozifungua asubuhi akakuta nambari ya simu ina 7 mahali pa 1. Nambari ile aliiandika yeye, kwa kalamu, kwenye kipande cha karatasi ambacho bado kilikuwa mezani kwangu. Alisimama pale akiwa na rundo mkononi, akipitisha kidole juu ya tarakimu ile kana kwamba itafutika. Duka halikumrudishia pesa, na kisheria halikukosea, lakini sikulala vizuri siku ile. Tangu hapo nasema: chapa lebo moja kwa ukubwa wake halisi, izungushe kwenye chupa, mpe mtu ambaye hajaiona aisome kwa sauti. Rangi nazo uziangalie kwenye karatasi hiyo, kwa sababu simu huonyesha rangi kwa mwanga na mashine huchapa kwa wino, na haziwezi kulingana sawasawa.

Sasa wavuvi wa Dunga. Dada, hapa kosa ni lako, na nakuambia mapema ulirekebishe. Picha kuwa Facebook hakuifanyi iwe ya wote. Aliyeipiga ana hakimiliki yake, na kwa sheria yetu picha hulindwa miaka 50. Kumpa dizaina aiweke kwenye lebo na kuiuza madukani ni kuinakili kwa biashara, na anayejibu ni wewe mwenye bidhaa, hata kama mkono ulioiweka ni wa kijana. Tena, kama sura za wavuvi zinatambulika, hao nao wana haki yao ya faragha. Mahakama zetu zimewahi kutoa fidia kwa watu waliowekwa kwenye matangazo bila ridhaa. Mtafute aliyeipiga, umwandikie, umlipe kidogo na akupe ruhusa ya maandishi. Usipompata, iondoe kabla ya kuchapa lebo mpya. Siku ya asubuhi nzuri nenda Dunga mwenyewe, upige picha ya mitumbwi bila nyuso. Itakuwa yako moja kwa moja.

Fonti nazo zina wenyewe. Muulize kijana jina la fonti na leseni yake. Zipo nyingi za leseni huria zinazoruhusu biashara bila malipo, kwa hiyo hakuna sababu ya kubeba ya wizi.

Kabla hujaenda kwa mwenye unga, elewa tofauti ya vitu viwili watu wanavyovichanganya. Hakimiliki inalinda mchoro. Jina la bidhaa halilindwi nayo, na kusajili jina la biashara serikalini hakukupi umiliki wake sokoni. Jina na nembo kama kitambulisho cha bidhaa hulindwa kwa alama ya biashara, inayosajiliwa KIPI, yaani Taasisi ya Mali ya Viwanda ya Kenya, kwa miaka 10 na kuhuishwa tena na tena. Lakini alama ya biashara husajiliwa kwa makundi ya bidhaa. Siagi ya njugu imo kundi la 29, unga umo kundi la 30. Ukisajili katika la 29 pekee, mwenye wimbi atakuwa na mengi ya kujitetea nayo. Hakimiliki haijali kundi. Mchoro wako ukiwekwa kwenye unga, kwenye sabuni au kwenye basi, umenakiliwa. Ndiyo maana katika shauri lako nguvu iko kwenye mchoro, na ndiyo maana kujua ulitoka wapi ni jambo la kwanza. Ukigundua ni wa Freepik, achana na mwenye unga kabisa, na uwaze kuchorewa nembo mpya ambayo utaweza kuisajili. Inauma, najua, kwa sababu wateja wameshamzoea yule mama. Lakini maumivu ya leo ni madogo kuliko utakayopata ukiwa na chupa 10,000 kwenye rafu.

Ukigundua ni wa kijana mwenyewe, keti naye. Nenda na 6,000 zake, naye aje na PDF, na mtie sahihi karatasi moja. Nimekuandikia maneno, yabadilishe upendavyo:

"Mimi (jina na nambari ya kitambulisho) nimebuni nembo na lebo iliyoambatishwa kwa kuagizwa na (jina lako). Nimelipwa shilingi 18,000 zote. Hakimiliki yote ya nembo na lebo hiyo ni ya (jina lako). Nimeichora mwenyewe, vitu vya watu wengine nilivyotumia, pamoja na leseni zake, ni hivi: (fonti, picha). Sijaiuza na sitaiuza kwa mteja mwingine. Naweza kuionyesha kama mfano wa kazi yangu. Michoro ya majaribio ambayo haikuchaguliwa inabaki yangu."

Utaniuliza karatasi ya nini ikiwa kifungu cha 31 kimekwisha kunipa? Kwa sababu kifungu hakisemi mchoro ulitoka wapi, wala hakikuonyeshi kama kijana aliahidi jambo kwa mtu mwingine. Sheria yenyewe inataka uhamisho wa hakimiliki usiotokana na kuagiza kazi uwe wa maandishi yenye sahihi, kwa hiyo karatasi hii inakusaidia hata ikitokea mabishano kwamba hukuagiza. Sentensi ya majaribio nimeiweka kwa makusudi. Ulilipia nembo moja, mwachie mengine. Na ukija kumpa kazi mtu aliye Kampala au Dar es Salaam, usitegemee kifungu cha Kenya hata kidogo, andikianeni tangu mwanzo.

Baada ya hapo unaweza kuisajili kazi KECOBO, yaani Bodi ya Hakimiliki ya Kenya, kwa mtandao. Si lazima, lakini cheti chake ni ushahidi mzuri siku mtu akibisha.

Yapo mambo usiyafanye peke yako. Kama kijana anakiri kumuuzia mwenye unga, au mwenye unga anakataa kuondoa mchoro baada ya kuandikiwa barua ya upole, tafuta wakili anayeshughulikia mali ya ubunifu. Mahakama inaweza kuzuia matumizi na kukupa fidia, na KECOBO nao hupokea malalamiko, kwa kuwa kunakili kwa biashara kunaweza kuwa kosa la jinai. Kama ugomvi umebaki kuwa wa pesa za kazi tu, nani alipe nani, Mahakama ya Madai Madogo hushughulikia madai yasiyozidi shilingi milioni moja na unaweza kujisimamia mwenyewe. Na mpiga picha wa Dunga akikuandikia kabla hujamfikia, usimjibu kwa hasira. Peleka barua kwa wakili siku hiyohiyo.

Usifute WhatsApp wala kubadilisha simu kabla ya kuhifadhi mazungumzo, maana ushahidi wa kielektroniki unahitaji cheti mahakamani na wakili atakuandalia kutoka kwenye simu yenyewe. Weka pia ujumbe wa M-Pesa, na risiti ya pakiti ya Luanda yenye tarehe. Ukienda kwake, beba chupa yako, pakiti ile ya unga na simu iliyo na chaji, kwa sababu atataka kuanza na ujumbe wa kwanza kabisa uliomtumia kijana.